Gitaa la umeme kutoka kwenye ubao mtupu: makosa yanayosameheka na yasiyosameheka

Ukimwambia mtu Nairobi kwamba unajitengenezea gitaa la umeme, swali la kwanza atakalokuuliza ni la mti. Ni mvule? Ni mahogani ya Kongo? Nami nilianza na swali hilohilo. Nilizunguka kwenye mabanda ya mbao ya Gikomba Jumamosi tatu, nikigonga ubao huu na ule kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Gitaa nililolitoa kwenye ubao niliouchagua lilipendeza macho, lakini halikukaa kwenye sauti hata siku moja. Ubao haukuwa na kosa. Kosa lilitoka kwenye penseli yangu.

Tangu hapo nimetengeneza mengine mawili, na wanaotaka kuanza hunijia na maswali kwa mpangilio uleule: mbao kwanza, rangi ya pili, vipimo mwisho kabisa. Mpangilio huo ndio unaoangusha wengi. Gitaa la umeme lina makosa mengi yanayosameheka na machache sana yasiyosameheka. Ukiyajua hayo machache mapema, kazi inayobaki ni useremala ambao fundi yeyote wa meza na vitanda anaweza kukushika mkono.

Kwanza tuone kwa nini mbao si bwana hapa. Gitaa kavu hutegemea kisanduku chake: uzi hutikisa daraja (kile kipande kinachoushika mwilini), daraja hutikisa ubao mwembamba wa juu, ubao hutikisa hewa iliyo ndani. Ukikosea ubao huo, umeua sauti. Gitaa la umeme halihitaji kisanduku kwa sababu kinachousikiliza uzi ni sumaku iliyozungushiwa waya, iitwayo pikapu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilitoka Marekani gitaa la umeme la kulaza mapajani, kazi ya George Beauchamp na kampuni ya Rickenbacker, lililosubiwa kwa alumini likawa na umbo la kikaango. Halikuwa na mbao ya kuzungumzia, na lililia. Karibu mwaka 1940, Les Paul alichukua gogo la msonobari la inchi 4 kwa 4, akalifunga shingo, daraja na pikapu, akapiga. Naye Leo Fender, ambaye gitaa lake lililokuja kuitwa Telecaster liliingia sokoni mwaka 1950, hakuwa mpiga gitaa kabisa. Alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California. Alichora mwili bapa wa mbao nzima na shingo inayofungwa kwa skrubu nne, ili shingo ikiharibika ing'olewe na kuwekwa nyingine.

Nalitaja hilo la fundi wa redio kwa sababu Nairobi ina barabara nzima za mafundi wa aina hiyo. Mtu wa barabara ya Luthuli anayefungua redio na kuirudisha ikiwa hai tayari anajua nusu ya gitaa la umeme. Nusu nyingine iko kwa seremala. Kinachowakutanisha ni kipimo kimoja, nacho ndicho tusichoweza kukibahatisha.

Kipimo hicho ni urefu wa uzi: umbali kati ya kile kipande cheupe chembamba kilicho mwanzo wa shingo, nitakachokiita mfupa, na kikalio cha uzi kwenye daraja. Hicho ndicho kipande cha uzi kinacholia. Magitaa ya Fender hutumia milimita 648, ya Gibson hutumia karibu milimita 628. Chagua mmoja kabla hujagusa msumeno, uuandike ukutani, kwa sababu kila kitu kingine kwenye gitaa kinapimwa kutokana nao. Mimi nilichagua 648.

Sasa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Ukiukata uzi nusu, sauti hupanda oktavu moja, yaani mtikisiko wake huwa maradufu. Kati ya uzi mzima na nusu yake, muziki tunaoupiga unaweka hatua 12 zinazolingana kwa sikio. Zikilingana kwa sikio haziwezi kulingana kwa rula: kila hatua lazima izidishe mtikisiko kwa kiasi kilekile, na kiasi hicho, kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara 12, kitoe 2 kamili. Namba hiyo ni 1.05946. Kwa seremala kuna njia rahisi zaidi. Chukua urefu wa uzi uliobaki, ugawe kwa 17.817, hapo ndipo freti inayofuata inakaa. 648 ukigawa kwa 17.817 unapata 36.4, kwa hiyo freti ya kwanza iko milimita 36.4 kutoka kwenye mfupa. Zimebaki 611.6, gawa tena, unapata 34.3, na freti ya pili inakaa kwenye 70.7. Ya tatu iko 103.1, ya tano 162.5, ya saba 215.5. Ya 12 lazima iangukie 324, nusu kamili. Isipoangukia hapo, rudi nyuma, kuna mahali umekosea hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilipokosea ni katika kupima. Nilichora freti ya kwanza, kisha nikaweka rula kwenye mstari huo kupima ya pili, kisha kwenye wa pili kupima ya tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Mstari wa penseli una unene wake. Ukipotoka sehemu tatu za kumi za milimita kila mara, na kuelekea upande mmoja, kufikia freti ya 12 umepotoka milimita 3.6. Hapo freti mbili jirani zinaachana kwa milimita 18 tu, kwa hiyo huo ni mpotoko wa karibu sehemu moja ya tano ya nusu-toni, yaani ya hatua moja kati ya zile 12. Hata asiyejua muziki atakunja uso. Na sisi ambao masikio yetu yamelelewa na benga, ambamo gitaa la solo hupanda juu ya shingo na kukaa huko likijibizana na mwimbaji, tunausikia mara moja, maana huko juu ndiko kosa linakokuwa limejilimbikiza zaidi.

Dawa yake ni kupima kila freti kutoka kwenye mfupa, bila kuisogeza rula. Nilinunua rula ya chuma ya mita moja, nikaifunga kwa klampu mbili kando ya ubao, nikachora freti zote 22 kwa ncha ya kisu cha kukatia karatasi. Kisu huacha alama nyembamba kuliko penseli yoyote, na msumeno hupenda kuingia kwenye mkwaruzo huo wenyewe. Usidanganyike na mchoro wa kuprinti kwenye saiba. Printa nyingi hupunguza picha kidogo ili iingie kwenye karatasi, na ukipunguza 648 kwa asilimia tatu tu umepoteza zaidi ya milimita 19. Tena karatasi za A4 hubandikwa pamoja, na kila unganisho ni rula iliyosogezwa.

Msumeno nao una neno lake. Waya wa freti una ukingo mwembamba chini yake unaozama kwenye mfereji wa takriban milimita 0.6. Msumeno wa chuma wa kawaida hukata pana zaidi ya hapo kwa sababu meno yake yamepindwa huku na huku, na freti ikigongwa ndani inacheza. Nilisaga pande za meno kwenye jiwe la kunolea mpaka yakalingana na bapa la msumeno, nikajaribu kwenye vipande vya mabaki kabla ya kugusa ubao wenyewe. Waya wa freti sikuupata mjini, niliuagiza.

Kosa la pili lisilosameheka ni la mstari wa kati. Shingo, pikapu na daraja lazima vikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Shingo ikielekea pembeni hata kidogo, uzi wa nje utateleza ukingoni mwa ubao kila ukiubonyeza. Hapa ndipo nilipojifunza kutotoboa matundu ya daraja kwa kufuata mchoro. Funga shingo kwanza. Chukua uzi wa kushonea, uupitishe kwenye vijia viwili vya nje vya mfupa, uuvute hadi mahali daraja litakapokaa, na usogeze daraja kushoto au kulia mpaka nyuzi zote mbili ziache nafasi sawa ukingoni mwa shingo. Weka alama hapo. Kwa mbele na nyuma, kikalio cha uzi mwembamba kiangukie kwenye 648 kikiwa kimesogezwa karibu na mwisho wake wa mbele, kwa sababu nyuzi nene zitahitaji kurudi nyuma milimita chache. Uzi mnene ukiubonyeza unavutika na kupanda sauti, na kuuongeza urefu kidogo ndiko kunakousawazisha.

Kwenye kimo, fuata njia ya Fender. Mwili una unene wa milimita 44 hivi, na mfuko wa shingo unachimbwa kina cha milimita 16. Kisigino cha shingo chenye milimita 25 kikiingia humo, uso wa ubao wa freti unabaki milimita 9 juu ya mwili, na daraja bapa la kawaida linafika kimo hicho bila shingo kuinamishwa. Madaraja marefu ya mtindo wa Gibson yanataka shingo iinamishwe digrii chache, na hiyo si kazi ya kwanza ya mtu. Mfuko wenyewe uchimbe kwa mashine ya rauta kama unaweza kuazima, ama kwa drili na patasi kama huwezi. Shingo ikae ndani kwa kubana, kiasi kwamba ukiinua gitaa kwa shingo kabla ya skrubu, mwili unainuka nao.

Makosa haya mawili, ya urefu na ya mstari, ndiyo yanayoua. Mengine karibu yote yana dawa: freti iliyosimama juu ya wenzake husagwa kwa tupa pana hadi zilingane, tundu la pikapu lililopanuka hufunikwa na kava, mwili uliochongwa bega moja chini kuliko jingine utaupiga miaka 20 na hakuna atakayeona isipokuwa wewe.

Sasa tuweze kurudi kwenye mbao tukiwa na akili tulivu. Kinachotakiwa kwanza ni ukavu. Mbao nyingi za yadi bado zina maji, na ubao wenye maji utajipinda baada ya wewe kuuchonga. Ule wa gitaa langu la pili niliuweka chini ya kitanda, umenyanyuliwa kwa vipande vya mbao ili hewa ipite, nikaupima kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Wiki za kwanza uzito ulishuka waziwazi. Uliposimama mahali pamoja mwezi mzima nilijua umekauka kadiri hewa ya Nairobi inavyoweza kuukausha. Ukianza wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, uwe na subira zaidi.

Kwa mwili, mimi nimependa mgrivilea, ule mti ambao wakulima wa mlimani wanauita mukima na kuupanda mipakani mwa mashamba. Unapatikana, si mzito, unachongeka, na ukipasuliwa vizuri una marembo kama lesi. Mvule ni imara na mzuri lakini mwili wake utakuchosha bega, na ndani yake huwa na vijiwe vigumu vinavyolemaza patasi. Vumbi la miti yote miwili huwawasha baadhi ya watu ngozi na kifua, hivyo vaa barakoa. Ubao wa freti unataka mti mgumu, na mgumu kuliko yote tulio nao ni mpingo, uleule unaotengenezewa klarineti na obo, mzito hata unazama majini. Mpingo unakua taratibu sana na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Sioni sababu ya kuukatia mti mzima. Waulize wachongaji wa vinyago kama wana kipande kilichobaki.

Shingo ndiyo inayotaka ubao bora kuliko wote, kwa sababu nyuzi sita za kawaida zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa saruji. Nyuzinyuzi za ubao ziende moja kwa moja kutoka mwisho hadi mwisho, bila fundo. Mzee mmoja mwenye mashine ya kuranda Gikomba alinionyesha namna ya kuangalia. Alichukua ubao wangu, akaushika kama bunduki, akafumba jicho moja, akatazama ukingo wake hadi mwisho.

"Huu una tumbo, kijana wangu," akasema. "Rudisha."

"Lakini mzee, ukirandwa si utanyooka?"

"Utanyooka leo. Kesho utakumbuka ulikotoka."

Niliurudisha. Hata ubao ulionyooka unahitaji ufito wa chuma ndani ya shingo, kwenye mfereji ulio chini ya ubao wa freti, wenye nati upande mmoja. Ukiikaza nati, ufito unapingana na mvuto wa nyuzi. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa, iwe na bonde dogo sana. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati: nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane iwe milimita 0.2 hadi 0.3, karibu unene wa kadi ya kukwangua ya simu.

Umeme unaogofya maseremala wengi, ilhali ni sehemu rahisi zaidi. Pikapu, neno ambalo kwa wengi wetu ni gari la mizigo, ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko 7,000 hadi 8,000 kwa pikapu ya koili moja. Uzi wa chuma ulio juu ya sumaku nao hupata usumaku kidogo. Ukitikisika, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili unabadilikabadilika, na uga unaobadilika ndani ya koili huzaa umeme, jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Uzi wa A ukitikisika mara 110 kwa sekunde, umeme nao unageuka mara 110, na amplifaya inaukuza. Kwa hiyo nyuzi za nailoni hazilii kwenye pikapu hii hata uzipige vipi. Na kwa hiyo pia pikapu ile ile huhisi sauti moja ikiwa karibu na daraja na nyingine ikiwa karibu na shingo: karibu na daraja uzi hutikisika kwa ukali na kwa nafasi ndogo, kwenye shingo unayumba kwa upana. Badili mahali pa pikapu utasikia tofauti kubwa kuliko ya kubadili mti.

Koili hiyo pia hunasa kila uga unaopita karibu, ukiwemo wa nyaya za nyumbani. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na ndio ule mngurumo unaousikia. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliweka koili mbili pamoja, moja ikiwa imegeuzwa sumaku na mzunguko wake, ili sauti ya uzi ijumlike na mngurumo ujifute. Hiyo ndiyo hambaka. Kama unakaa kwenye ploti yenye nyaya zilizosongamana na taa za mirija, anza na hambaka.

Baada ya pikapu, yanayobaki ni machache: potenshomita ya sauti, yaani kitasa cha kuipandisha na kuishusha, ya kiloomu 250 kwa koili moja na 500 kwa hambaka, nyingine ya toni, yenye kapasita ya maikrofaradi 0.022 au 0.047 inayomwaga sauti kali ardhini. Na soketi ya jeki. Ukiwa dukani Luthuli sisitiza potenshomita yenye herufi A. Yenye B itafanya sauti yote irundikane mwisho mmoja wa kitasa. Kabla ya kufunga nyuzi, chomeka waya kwenye amplifaya na ugonge sumaku kwa ncha ya bisibisi taratibu. Ukisikia "tok", iko hai.

Kisha kuna waya mmoja ambao anayeanza huusahau, ule unaotoka chini ya daraja kwenda nyuma ya potenshomita. Unaziunganisha nyuzi na erthi ya amplifaya, na mngurumo mwingi hupungua unapozigusa. Nitasema hili kwa uzito wote: waya huo unafanya mikono yako iwe sehemu ya saketi ya amplifaya. Gitaa lenyewe hutoa chini ya volti moja, haliwezi kukudhuru. Lakini amplifaya iliyochomekwa kwenye volti 240 ikiwa na plagi iliyokatwa erthi, au soketi iliyogeuzwa nyaya, inaweza kuleta umeme wa ukutani hadi kwenye nyuzi. Nimeona plagi za aina hiyo kumbi nyingi. Fungua plagi ya amplifaya yako uangalie waya wa kijani na njano kabla ya kuligusa gitaa.

Mfupa wa gitaa la pili niliutengeneza kwa mfupa wa ng'ombe, kipande nilichopata kwa mafundi wa Kibera wanaochonga vipuli na bangili. Niliusaga kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo hadi chini yake pakawa bapa, nikachimba vijia kidogo kidogo, kwa sababu kijia kikizama sana uzi utavuma kwenye freti ya kwanza na itabidi uanze upya. Nilifunga nyuzi usiku, nikasubiri shingo itulie hadi asubuhi. Kipimo cha mwisho hakihitaji chombo. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, piga, utasikia sauti ya kengele. Kisha bonyeza palepale upige tena. Sauti ya pili ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Uzi wa sita ulinichukua karibu nusu saa. Nyuzi tano zilizobaki zilifuata upesi, na nilipopanda hadi freti ya 17, kule ambako gitaa la kwanza lilikuwa likilia kama limeumizwa, sauti ilikuwa mahali pake.

Jumamosi hiyo nililipeleka Gikomba. Yule mzee alizima mashine, akajipangusa vumbi mikononi, akalipokea. Hakuuliza ni mti gani wala hakuomba nimpigie. Alilishika mwilini, akaliinua kama alivyouinua ubao ule, akafumba jicho moja, akatazama kutoka kwenye mfupa hadi kwenye daraja.

"Imenyooka," akasema, akanirudishia.